Maswali ya Wasomaji: Kuvuka Bahari Kuu kwa Tanga

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wanaojiandaa kukaa wiki mbili, tatu au zaidi bila kuona nchi kavu. Tumechagua zile ambazo jibu lake linaweza kuokoa mtu au chombo. Nyingine mbili tatu tumezigusa kwa ufupi kwa sababu hazihitaji maneno mengi.

Tutakuwa wawili tu, mimi na mke wangu, kwa siku kama ishirini. Mashua ina AIS, kifaa cha redio kinachotambulisha vyombo vilivyo karibu, yenye kengele. Tukishakuwa mbali na njia za meli, tunaweza kulala wote usiku? Kama haiwezekani, zamu tuzipange vipi?

Ndugu msomaji, hapana, msilale wote. Kanuni ya 5 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 inataka kila chombo kiwe na mtu wa kutazama na kusikiliza wakati wote, na haisamehi mashua ndogo wala bahari tupu. Lakini tuiweke sheria pembeni, tupige hesabu.

Mtu aliyekaa nyuma ya mashua, macho yake yakiwa mita 2.5 juu ya maji, upeo wake wa macho uko maili 3.3 hivi za baharini. Taa ya meli iliyo mita 20 juu ya maji ina upeo wake wa maili 9 na kidogo. Jumlisha, utaona taa hiyo inaanza kuchomoza ikiwa maili 12 kutoka kwako. Meli inakwenda noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa), wewe unakwenda noti 6, na mnaelekeana: mnakaribiana kwa noti 26. Maili 12 zinaisha ndani ya dakika 28. Hapo ni usiku mweupe, bila mvua wala mawimbi makubwa ya kuificha taa. Mvua ikikata uonaji nusu, una dakika 14. Humo ndani utoe muda wa kujifunga mkanda wa usalama, kuacha macho yazoee giza, kujua meli inaelekea wapi, na kugeuza usukani wakati tanga la mbele limefungiwa mti wake. Kwa hiyo kagua duara lote la upeo kila dakika 15, na kila dakika 10 kukiwa na mvua. Weka saa ya kengele mfukoni. Kila unapokagua, anza na upande uliofichwa na tanga la mbele, maana macho hupenda kuishia pale panapoonekana kirahisi.

AIS ni msaada mkubwa, nasi tusingependa kuona mtu anavuka bahari bila nayo. Ijueni tu mipaka yake. Vifaa vingi vya mashua ndogo hurusha kwa wati 2 na kutuma habari kila sekunde 30 chombo kikiwa kwenye mwendo. Vyombo vingi vya uvuvi havina kabisa, meli za kivita huweza kuzima, na kontena linaloelea haliwezi kukuambia lolote. Antena iliyo juu ya mlingoti hufika mbali kuliko ile ya nyuma, lakini waya wake una kiungo chini ya mlingoti, na hapo ndipo maji ya chumvi huingia na kuota kutu ya kijani. Siku ya pili au ya tatu, ukiona meli, iite kwa redio uulize kama wanakuona kwenye kioo chao na kwa umbali gani. Maofisa wa zamu kwa kawaida hujibu vizuri. Kengele itegeni ilie kama chombo kitapita ndani ya maili 2 na kimebakiza nusu saa kufika.

Zamu za watu wawili: saa tatu kwa saa tatu, kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, halafu mchana kila mmoja apate usingizi mmoja mrefu. Wapo wanaopendelea saa nne, na ni sawa hali ya hewa ikiwa nzuri. Kwenye baridi na mvua saa ya nne huwa haina mtu macho. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu. Baada ya hapo mwili hukubali. Kuna sharti moja lisilo na mjadala: aliye zamu hatoki kwenye nafasi ya usukani kwenda omo, yaani mbele ya mashua, mpaka amwamshe mwenzake, hata kama ni kufungua kamba moja tu. Anayelala ana haki ya usingizi, lakini haki yake ya kumkuta mwenzake asubuhi ni kubwa zaidi.

Na taa. Mashua yenye urefu chini ya mita 20 inaruhusiwa kubeba taa moja ya rangi tatu juu ya mlingoti ikiwa inakwenda kwa tanga. Ukiwasha injini na kuitia gia, hata kama tanga liko juu, unahesabiwa kuwa chombo cha injini: zima ile ya juu, washa za chini pamoja na taa nyeupe ya mbele. Kuziwasha zote kwa pamoja kunamchanganya ofisa wa meli asijue anaona nini.

Siku ya kumi jarari (kamba ya kupandishia) ya tanga la mbele ilikatika juu kabisa ya mlingoti. Kamba ilikuwa mpya, ya milimita 12. Fundi anasema ni kamba mbovu. Ni kweli?

Pengine sivyo. Kamba mpya ya unene huo haikatiki kwa uzito wa tanga; hukatika kwa kulika. Mashua inayokwenda na upepo wa tezi, yaani unaotoka nyuma, huyumba kushoto na kulia, tuseme mara moja kila sekunde 5. Hiyo ni zaidi ya mara 17,000 kwa siku, na kila mara jarari inasogea milimita chache juu ya gurudumu la kapi, palepale. Siku ya kumi umevuka mara 170,000. Hakuna ganda la kamba linalostahimili hivyo likisuguliwa sehemu moja.

Dawa yake ni kuibadilisha ile sehemu. Kila siku, kwa saa maalumu, legeza au kaza jarari kwa sentimita 5, ili kipande kingine kikae juu ya gurudumu. Unaponunua, ongeza mita 2 za ziada, na kabla ya kila safari ndefu kata sentimita 15 upande wa tanga kisha ufunge upya. Sehemu inayokaa ndani ya kapi inaweza kuvishwa ganda la pili la nyuzi ngumu. Ganda hilo lishonwe kwa sindano na uzi, kwa sababu likifungwa kwa utepe tu litateleza.

Lakini kabla ya kulaumu kamba au mwendo, panda juu mashua ikiwa bandarini, upitishe kidole kwenye kapi. Gurudumu lililowahi kubeba waya wa chuma huachwa na makovu yenye ncha, nayo hukata kamba kama msumeno. Angalia pia nafasi kati ya gurudumu na ukuta wa kapi: ikiwa kamba inaweza kujipenyeza hapo, siku moja itajipenyeza. Kisha ikague jarari yenyewe mita kwa mita. Manyoya kwenye ganda ni dalili ya kusuguana, mng'ao na ugumu ni dalili ya joto, na sehemu iliyokuwa nyembamba kuliko wenzake ina maana moyo wa ndani umeshakatika ingawa ganda linaonekana zima. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowadanganya watu.

Vivyo hivyo kwa demani, kamba ya kuongozea tanga, inayopita kwenye ncha ya mti wa tanga la mbele, na kwa tanga kubwa linapoegemea nyaya za mlingoti. Kila asubuhi mtu mmoja aizunguke sitaha yote, avute kila kamba, aangalie juu kwa darubini. Pini, nati au skrubu ikionekana sitahani, itafute ilikotoka kabla ya kunywa chai. Imeanguka kutoka mahali fulani, na mahali hapo sasa pana upungufu.

Tungependa pia uwe na jarari ya akiba iliyokwisha kupitishwa juu tayari. Kupanda mlingoti katikati ya bahari, mashua ikiyumba, kumewavunja watu mbavu wakiwa na vifaa vyote vya usalama.

Mara mbili upepo umetushtukiza tukiwa na tanga zima. Kila mtu anasema "punguza mapema". Mapema ni lini?

Swali zuri, kwa sababu jibu la "mapema" halimsaidii mtu aliye kwenye zamu peke yake usiku wa manane. Tatizo kubwa ni upepo wa tezi, unaodanganya. Upepo halisi ukiwa noti 22 na mashua inakimbia noti 6 kwenda nao, usoni unahisi noti 16 tu. Jua linawaka, shati limefunguliwa vifungo, mashua inateleza. Sasa kitokee kitu cha kukulazimisha ugeukie upepo, mfano mtu ameanguka majini. Hizo noti 16 zinakuwa 26 ghafla. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo mzigo juu ya tanga umepanda zaidi ya mara mbili na nusu wakati bahari haijabadilika hata kidogo.

Kwa hiyo soma upepo halisi, usisome ule unaokupiga usoni. Kwa mashua ya kawaida ya kusafiria tungeweka hatua ya kwanza ya kupunguza kwenye noti 18 za upepo halisi, ya pili kwenye 24, na kwenye 30 tanga kubwa liwe hatua ya tatu au limeshushwa kabisa, mashua ikivutwa na tanga la mbele pekee. Chombo chako kinaweza kudai tofauti. Ziandike namba zako, uzibandike karibu na usukani, na umwambie kila mtu kwamba haombi ruhusa kuzifuata. Kabla ya giza, ukiona mawingu marefu yenye vitako vyeusi upande wa upepo, punguza hatua moja hata kama kumetulia. Usiku wingu la dhoruba hujulikana kwa nyota kupotea, kwa doa kwenye rada, na kwa pumzi ya baridi inayotangulia. Ukisubiri hiyo pumzi umeshachelewa.

Huhitaji kugeukia upepo ili upunguze. Vuta demani ya tanga kubwa mpaka tanga litoke kwenye nyaya, shusha jarari nusu mita, kaza kamba ya kupunguzia, shusha tena nusu mita, kaza tena. Inachukua dakika tano badala ya mbili, lakini sitaha haiogeshwi. Jarari iwe na alama za uzi wa rangi zinazoonyesha pa kusimama kwa kila hatua, ili gizani mkono ujue wenyewe.

Maadamu tuko kwenye upepo wa tezi: ule mti wa chini wa tanga kubwa lazima ufungwe usiweze kujigeuza. Ukijigeuza wenyewe huua mtu. Kamba ya kuuzuia ifungwe kwenye ncha ya mti, iende mpaka omo, ipite kwenye kapi, irudi nyuma kwenye usukani unakoweza kuifungua bila kutoka. Usiifunge katikati ya mti, kwa sababu mti ukizama kwenye maji wakati mashua imelala utavunjika hapohapo palipofungwa. Na unapoifungua, iachie taratibu ikiwa imezungushwa kwenye winchi, usiitupe.

Tubebe maji kiasi gani, na je, mashine ya kuondoa chumvi inatosha?

Lita 4 kwa mtu kwa siku zinatosha kunywa na kupika kwa heshima. Watu wawili kwa siku 20 ni lita 160. Ongeza nusu yake kwa ajili ya upepo kufa au mlingoti kuvunjika, unapata lita 240. Zigawe kwenye matangi yasiyopungua mawili yenye bomba zake, kwa sababu tangi moja likipasuka au maji yake yakiharibika umeishiwa. Beba pia madumu, na kila dumu uliache na nafasi ya hewa kama sehemu moja ya kumi, lielee vizuri ikibidi kulitupa majini kabla ya kuingia kwenye boya la uokozi.

Hesabu hiyo ifanye kana kwamba mashine haipo. Mashine husukuma maji ya bahari kwenye utando kwa shinikizo la baa 55 hivi, na utando huo una maadui wawili: klorini na mafuta. Usiiwashe ndani ya bandari yenye mafuta juu ya maji, na usiisafishe kwa maji ya bomba yenye klorini bila chujio la mkaa. Ikikaa zaidi ya wiki bila kazi bila kutiwa dawa yake ya kuhifadhia, utando huota vijidudu na maji hutoka na harufu. Iendeshe kidogo kila baada ya siku mbili tatu, na kila siku inapofanya kazi jaza tangi, usingoje lishuke.

Mvua nayo ni yako. Acha dakika chache za kwanza zioshe chumvi kwenye tanga, ndipo uanze kukinga.

Mimi hutapika siku ya kwanza tu ya bahari. Nifanyeje?

Meza dawa usiku wa kuamkia safari, usingoje kichefuchefu kianze, maana tumbo lililosimama halipokei kidonge. Ijaribu nchi kavu kwanza, ujue kama inakulaza au inakutia wasiwasi. Ile ya kubandika nyuma ya sikio hukaa siku 3 na hubandikwa saa kadhaa kabla ya kuondoka. Osha mikono baada ya kuigusa, kwani kidole kikigusa jicho, mboni hupanuka na usiku huoni vizuri. Wenye shinikizo la jicho wasiitumie, waulize daktari. Kunywa maji kwa funda ndogondogo, kaa nje, shika usukani, tazama upeo. Na utapike ndooni. Watu wameangukia majini wakiinama juu ya ukingo bila kamba ya usalama.

Betri zetu zinaisha kabla ya alfajiri. Tuna paneli za wati 400, friji na usukani wa kujiendesha wa umeme. Tuongeze betri?

Betri za ziada zitachelewesha giza siku moja tu. Tazama kwanza mapato na matumizi. Usukani wa umeme kwenye bahari ya mawimbi hula wastani wa ampea 4: karibu ampea-saa 95 kwa siku. Friji 50. Vyombo vya kuongozea, AIS, redio na taa, 40 nyingine. Jumla 185. Paneli za wati 400, kwa jua zuri na kivuli cha tanga kinachozunguka, tuzipe saa 4 kamili za nguvu zote: wati-saa 1,600, yaani ampea-saa 133 hivi kwenye mfumo wa volti 12. Unapungukiwa 52 kila siku. Betri za risasi hupaswi kuzitumia chini ya nusu ya ujazo wake, kwa hiyo benki ya 400 inakupa 200 tu, na siku ya nne uko hapo ulipo sasa.

Ushauri wetu: ondoa mlaji mkubwa. Usukani wa upepo hauli hata ampea moja. Bawa la juu huhisi upepo na kuzungusha kasia lililo majini nyuma ya tezi. Mkondo wa maji unaolipita hulisukuma pembeni kwa nguvu, na nguvu hiyo huvuta kamba za usukani. Kadiri mashua inavyokwenda kasi ndivyo linavyozidi nguvu. Katika mashindano ya 1960 ya kuvuka Atlantiki mtu mmoja kwa kila mashua, Blondie Hasler na Francis Chichester walitumia usukani unaoongozwa na upepo. Sharti lake ni moja: mashua iwe na uwiano. Ikiwa usukani ni mzito mkononi mwako, bawa halitauweza, na dawa ni kupunguza tanga kubwa. Ule wa umeme ubaki kwa ajili ya siku za upepo mwepesi na wakati wa injini.

Mkihamia betri za litiamu, kumbukeni kwamba zinapokea chaji bila kusita, na alteneta ya kawaida ya injini inaweza kuungua kwa kulazimishwa kutoa yote iliyonayo kwa saa nyingi. Wekeni kidhibiti kinachosoma joto la alteneta.

Injini ilifanya kazi vizuri bandarini, ikazima tulipokaribia nchi baada ya wiki tatu. Kwa nini pale pale tulipoihitaji?

Kwa sababu ndipo ilipoombwa kazi. Wiki tatu za mawimbi zimekoroga uchafu na maji vilivyokuwa vimetulia chini ya tangi, na vyote vimekwenda kwenye chujio la kwanza. Beba machujio sita ya kila aina, si mawili, na ujifunze kutoa hewa kwenye bomba za dizeli ukiwa bandarini, gizani, kwa mikono yako. Katika safari iwashe mara moja kwa wiki kwa nusu saa, ikiwa kwenye gia.

Ikikataa kuwaka, usiendelee kuizungusha kwa stata. Pampu ya kupoza inaendelea kuvuta maji ya bahari kila unapozungusha, lakini hakuna moshi wa kuyasukuma nje, kwa hiyo yanajaa kwenye kizuia sauti na mwishowe yanarudi hadi ndani ya silinda. Funga valvu ya maji ya bahari kabla ya jaribio la pili, rekebisha mafuta, na uifungue mara tu injini inaposhika. Ning'iniza kitambaa chekundu kwenye ufunguo wa stata wakati valvu imefungwa, usije ukaisahau.